Sauti ya Mzee Magesa na Ngazi ya Kwanza

Najua utasema nimetunga. Hata mimi ningesema hivyo kama ningesimuliwa na mtu mwingine, tena ningemcheka machoni pake. Mimi ni fundi wa kompyuta. Nusu ya kazi yangu ni kuwaeleza watu kwamba mashine haina pepo, ina vumbi. Mtu ananiletea kompyuta inayojizima, anasema kuna mkono wa jirani. Mimi naifungua, napuliza feni, naifunga, inawaka, na jirani anasamehewa. Kwa hiyo nikikuambia kwamba haya yalinipata mimi, nikiwa na akili zangu, jua halijazama, na tumboni nina chai tu, nakuomba unisikilize mpaka mwisho. Ukishamaliza, sema unavyotaka.

Jina langu sitalitaja. Sababu utaiona mbele.

Alinifuata nyumbani Bweri, hapa Musoma mjini, mwanamume mmoja anaitwa Wambura, mkulima wa pamba na mihogo kutoka Guta, pale nje ya Bunda. Alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye ninayehudumia kompyuta za redio moja ndogo ya jamii, iliyo juu ya kilima upande wa Butiama. Ilikuwa kweli, ingawa kazi hiyo nilikuwa nimeipata karibuni tu, baada ya fundi wa kwanza kuhamia Mwanza. Alikaa kwenye kiti cha wateja akizungusha kofia mkononi, akazunguka sana na salamu, kisha akaniuliza kama naweza kuinyamazisha sauti moja pale redioni. Sauti yenyewe ilikuwa ya baba yake, Mzee Magesa, ambaye alikuwa ameshazikwa.

Ngoja nikueleze kuhusu huyo mzee, maana bila yeye hakuna kisa.

Huku kwetu simu zipo, na makundi ya ujumbe yapo, lakini msiba bado unatangazwa redioni jioni. Kwa miaka mingi aliyetangaza ni Mzee Magesa, katekista mstaafu. Watu wa vijiji vile walikuwa na msemo wao wa utani kwamba mtu hajafa mpaka Mzee Magesa aseme. Walitania, ila kweli hakuna aliyeshika jembe kwenda kuchimba kaburi wala aliyebeba kuni kwenda msibani kabla ya kumsikia. Waliofiwa walipanda kilima wenyewe. Yeye aliwapokea mlangoni na kuwauliza kwa mpangilio ule ule, bila kuruka: jina nani, mtoto wa nani, alikaa wapi, ameacha nani, na msiba uko wapi. Jibu la mwisho likishatoka, tangazo limekamilika.

Kabla ya kusoma aliwaambia wasikilizaji, "Ndugu yangu, kaa chini kwanza." Inasemekana zamani mama mmoja alisikia kifo cha kaka yake akiwa amesimama na sufuria ya maji ya moto, akajimwagia. Tangu hapo mzee hakusoma jina la marehemu mpaka amewaketisha watu. Na akimaliza kusoma alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya. Sasa inuka." Watu wakainuka, kila mtu akaenda kutafuta cha kubeba.

Alipoanza kusumbuliwa na kifua, meneja wa redio akaona amrekodi. Wakarekodi ule mwanzo tu, kaa chini kwanza, na fundi wa wakati ule akautengenezea programu inayoupiga yenyewe kila jioni. Baada ya hapo msichana anayeitwa Nyanjura husoma matangazo. Ule mwisho hawakuurekodi, kwa sababu matangazo ya msiba yakiisha yanafuata ya biashara, na meneja hakuona haja. Mzee akafa, na rekodi ikaendelea kupiga. Wasikilizaji wakafurahi kwamba mzee wao bado yupo. Hakuna aliyeona ubaya.

Isipokuwa mjane wake, Mama Wambura. Wambura aliniambia kwamba tangu mazishi mama yake anakaa kwenye kigoda karibu na redio, na sauti ikisema kaa chini, anaitikia. Mwanzoni aliinuka asubuhi akafanya kazi zake. Baadaye akawa anainuka mchana. Wakati Wambura ananifuata, mama alikuwa hainuki kabisa, anabebwa kwenda kujisaidia na kurudishwa pale pale. Hospitali walimpima mifupa na damu wakasema ni mzima. Chakula alikuwa anagusa tu. "Tunamzika akiwa anatuangalia," Wambura akasema, akavaa kofia ndani ya nyumba yangu bila kujua.

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Niamini, niliona dogo kweli.

Sasa nivumilie kidogo kwenye ufundi, sitakuchosha. Mashine ile ni ya zamani, ya msaada, inatumia mfumo uitwao Linux, na Linux ya zamani inaamka kwa ngazi. Fikiria nyumba. Ngazi ya sifuri, wote wamelala na taa zimezimwa. Ngazi ya kwanza, mama peke yake ameamka, milango bado imefungwa, hakuna mgeni anayeingia. Ngazi ya tatu, kila mtu yuko kazini. Ngazi ya tano, mapazia yametundikwa vizuri na wageni wanakaribishwa. Ya sita ni kulala na kuamka upya. Zile programu zinazofanya kazi chinichini bila mtu kuzigusa, sisi tunaziita huduma, kila moja unaipangia iamke kwenye ngazi zipi na inyamaze kwenye zipi. Ukitaka huduma isijiwashe, huhitaji kuifuta. Unaiondoa tu kwenye ngazi zake.

Kabla ya kupanda kilimani Wambura alinipitisha kwa mama yake. Nilimkuta kwenye kigoda, mama mwembamba, miguu imevimba kwa kukaa, kanga imefungwa vizuri kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akauliza habari za watu wa Mugango maana alisikia nina asili ya huko. Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Nikamuuliza kwa upole kwa nini asijaribu kusimama, tumshike huku na huku.

"Mwanangu," akasema, "sijaambiwa niinuke."

Nilitoka nje nikamwambia Wambura mama ana huzuni, itapita sauti ikiondoka. Nilisema kama daktari. Nikajiona nimesema la maana.

Pale redioni nikaorodhesha huduma zote. Ya Mzee Magesa ilikuwa imewashwa ngazi ya tatu na ya tano, kama inavyotakiwa. Nikaizima zote mbili, nikaiwasha upya mashine, nikahakikisha, nikarudi Musoma. Kesho yake usiku Wambura akapiga simu. Sauti ilikuwa imetoka jioni ile kama kawaida.

Nikadhani meneja amechezea. Nikarudi, na meneja akaapa hajagusa. Kwenye orodha, ngazi ya tatu ilikuwa imewashwa tena. Nikaizima ngazi zote, moja hadi tano, na safari hii nikatafuta chanzo. Kila ngazi ina kabrasha lake, na ndani mna amri za kuanzisha huduma na amri za kuisimamisha. Huduma nyingine zote zilikuwa na zote mbili. Ya mzee ilikuwa na ya kuanzisha tu. Hapakuwa na hata sehemu moja iliyoambiwa isimame. Nikamlaumu fundi aliyehamia Mwanza, nikamtukana kidogo kimoyomoyo, nikaona nimemaliza. Kwa usalama zaidi nikaihamisha rekodi yenyewe kwenye flashi yangu, nikaifuta kwenye mashine, nikaondoka na sauti ya Mzee Magesa mfukoni.

Jioni ile ile Wambura akapiga. Sauti imetoka.

Hapo sikulala vizuri, lakini nilikuwa na hasira zaidi ya woga. Kuna kitu kinanichezea, nikasema, na mimi sichezewi na mashine. Mama alikuwa ameacha hata uji, Wambura akaniambia, na padri ameshaitwa kumpaka mafuta. Nikapanda bodaboda kesho yake mchana nikiwa na mpango mmoja: kuipeleka mashine ngazi ya kwanza. Kule hakuna mtandao, hakuna sauti, hakuna huduma yoyote, ni fundi mmoja na mashine yake. Nikiwa pale ningepitia kabrasha moja moja, na kama kuna kitu kinajificha, ningekikuta hakina pa kukimbilia.

Nilifika alasiri. Meneja alikuwa mjini Musoma. Nyanjura alikubali redio ikae kimya kwa muda, mradi nimalize kabla ya matangazo ya jioni, kisha akateremka barabarani kupokea dumu la dizeli la jenereta. Nikabaki peke yangu. Wingu lilikuwa limetanda kutoka ziwani na mawe ya kilima yalikuwa yamebadilika rangi, lakini mwanga ulikuwepo wa kutosha. Nikaishusha mashine ngazi ya kwanza. Kila kitu kikazimika, hata taa ndogo nyekundu ya spika iliyokuwa nyuma ya kichwa changu. Kwenye skrini kukabaki maandishi meupe na mimi.

Nikaita orodha. Huduma ya Mzee Magesa: ya pili imezimwa, ya tatu imezimwa, ya nne imezimwa, ya tano imezimwa. Ya kwanza imewashwa.

Nani anawasha huduma ya redio kwenye ngazi ya kwanza? Hakuna fundi duniani anayefanya hivyo. Ni sawa na kumwalika mgeni wakati milango imefungwa. Nilikuwa bado natazama ile mistari niliposikia hodi.

Niliitikia karibu bila kugeuka, kisha nikageuka. Mzee alikuwa amesimama kizingitini, koti la kahawia, kofia mkononi, amevaa mabuti ya mpira yenye udongo mbichi. Niliona ni mtu wa msiba, ameleta tangazo. Kumbuka mimi sikuwahi kumwona Mzee Magesa, nilimjua kwa sentensi moja tu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, nikamwambia msomaji ameteremka mara moja, akae amsubiri.

"Mimi sikaagi," akasema.

Akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamtajia baba yangu, wa Mugango. Wewe ungekataa? Wazee wa huku hawawezi kuongea na mtu kabla hawajajua ni wa nani. Akauliza siku hizi nakaa wapi, nikasema Bweri. Akauliza nyumbani nina nani, nikasema mama yangu na mdogo wangu wa kike, kwani baba ameshatangulia. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kila nikijibu, na mimi nilikuwa najibu huku najiuliza sauti hii nimeisikia wapi.

"Na watu wakusanyike wapi?" akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa karibu kutaja kwa baba yangu Mugango, maana ndiko tunakokutanaga kwa mambo yote ya ukoo. Nashukuru Mungu kwa kitu kimoja: wakati ule ule niligundua sauti haitoki mbele yangu. Mzee alikuwa mlangoni, midomo yake inacheza, lakini maneno yalikuwa yanatoka nyuma ya sikio langu, kwenye spika. Nikageuza shingo. Ile taa ndogo nyekundu ilikuwa imezimika vile vile. Spika ilikuwa imekufa na ilikuwa inaongea.

Nikageuka tena mlangoni nikiomba nisimkute. Alikuwepo.

Watu huniuliza kwa nini sikupiga kelele. Sijui. Mwili wangu wote ulikuwa umepoa kama umetoka kwenye maji ya ziwa asubuhi, na mkojo ulinitoka kidogo, nakuambia bila kuficha. Nilichoweza ni kumuuliza anataka nini. Alizungusha kofia mkononi, jinsi Wambura alivyokuwa anaizungusha ya kwake kwenye kiti cha wateja. Sikuhitaji kuambiwa tena huyu ni nani.

"Watu wa huku wote nimewauliza," akasema. "Mimi nani aliniuliza?"

Sikuelewa. Akaendelea polepole, kama mtu anayemwonea huruma mwanafunzi.

"Mlinipa pa kuanzia. Pa kuishia hamkunipa. Mama yule nimemkalisha mimi, na siwezi kumwinua mpaka tangazo liishe. Litaishaje halijasomwa?"

Hapo nikaelewa, na woga ukachanganyika na kitu kingine, huruma nadhani, mpaka machozi yakanitoka. Nilichukua kalamu. Karatasi haikuwepo karibu na sikuthubutu kusogea kuitafuta, nikaandika kiganjani. Nikamuuliza kama alivyokuwa anawauliza wengine. Jina nani? Akasema Magesa. Mtoto wa nani? Mtoto wa Makuru. Anakaa wapi? Akataja kijiji chake. Ameacha nani? Akasema ameacha watoto na wajukuu, na mke mmoja aliyekaa. Swali la mwisho lilinishinda kulitoa, ikabidi nijikaze. Msiba uko wapi?

"Kwangu," akasema. "Mpaka leo haujaanza."

Niliinamisha macho kuandika neno hilo. Nilipoinua, mlango ulikuwa mtupu, na nje nilimwona Nyanjura anapanda kilima na dumu lake.

Alifika kizingitini akasimama. Alikuwa anaangalia sakafu, na mimi nikaangalia anapoangalia. Udongo mbichi ulikuwa pale, nyayo mbili zilizotazama ndani. Nyanjura akaweka dumu chini, akaenda nyuma ya mlango wa stoo, akatoa mabuti ya mpira. Yalikuwa ya Mzee Magesa, aliyaacha pale msimu wa mvua wa mwisho na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyaondoa. Yalikuwa yamelowa udongo. Akakaa chini hapo hapo bila kuambiwa na mtu.

Nikamuuliza swali moja tu, nani alisoma tangazo la kifo cha Mzee Magesa. Nyanjura akaanza kulia, akanieleza. Jioni aliyokufa mzee, rekodi ilipiga kama kawaida, kaa chini kwanza, na yeye akafungua kipaza sauti asome. Kilio kikambana. Akafunga kipaza sauti, akaweka muziki wa dini, akakimbilia msibani. Kila mtu alikuwa ameshakimbilia huko, habari zilikuwa zimeshaenea kwa midomo. Kesho yake nani angemtangaza mtu ambaye wilaya nzima inajua amekufa? Hakuna aliyekumbuka. Mtu aliyewatangaza wote alizikwa bila kutangazwa.

Nikamwonyesha kiganja changu. Hakuuliza nimeyapata wapi hayo maneno.

Nikaipandisha mashine hadi ngazi ya tatu, redio ikarudi hewani. Huduma ya mzee ilikuwa imezimwa kwenye ngazi hiyo, nilihakikisha kwa macho yangu, na rekodi ilikuwa kwenye flashi mfukoni mwangu. Muda wa matangazo ulipofika, Nyanjura akasogea kwenye kipaza sauti. Kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka, ndugu yangu, kaa chini kwanza. Tulishikana mikono. Akasoma kutoka kwenye kiganja changu, nimekinyoosha mbele yake, kwamba uongozi wa redio unasikitika kutangaza kifo cha Mzee Magesa, mtoto wa Makuru, na mengine yote mpaka msiba uko nyumbani kwake. Sauti yake haikukatika.

Kukawa kimya. Kimya hewani kinaogopesha mtu wa redio kuliko kelele, na Nyanjura akanyoosha mkono aweke muziki. Nikamshika. Tukasubiri.

"Haya. Sasa inuka."

Ilitoka kwenye spika, tulivu, ya mtu aliyemaliza kazi. Ule mwisho haukuwahi kurekodiwa, nimekuambia. Baadaye nilipekua kila rekodi ya mashine ile nikitafuta maneno hayo matatu na sikuyapata. Mimi na Nyanjura tulijikuta tumesimama.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Wambura. Akasema mama ameinuka. Ameinuka mwenyewe, hakushikwa, ameweka mkono ukutani akatoka nje hadi kwenye kaburi, sasa hivi anang'oa majani na hataki mtu amsaidie. Akasema ameagiza kuni ziletwe, moto wa msiba uwashwe uani. Na ukawashwa, walikuja majirani na unga na maharage kama vile mzee amekufa jioni ile, wakakesha. Mama Wambura yuko hai hadi leo. Anatembea kwa miguu kwenda misa.

Usiku ule kabla ya kuondoka nilikwenda kwenye makabrasha, nikaiwekea ile huduma amri ya kusimama kwenye kila ngazi, ya sifuri hadi ya sita. Haijapiga tena. Kwa watu wa Butiama kisa kiliishia hapo, na nilishukuriwa sana, nikapewa na kuku.

Kwangu hakikuishia hapo. Fikiria vizuri. Mzee alinihoji maswali matano na mimi nilijibu manne. Jina langu analo. Baba yangu anamjua. Anajua nakaa Bweri na anajua nitamwacha nani. Tangazo langu liko tayari, limekosa neno moja tu.

Ndiyo maana sijakutajia jina; sitaki kujibu tena hata swali moja kati ya yale. Na ndiyo maana nimekuwa kero kwa ukoo wangu. Mdogo wangu alipokuwa anaolewa, walinipigia kuniuliza vikao tufanyie wapi, nikakata simu. Mwaka huu rafiki zangu walitaka tukutane, wakaniambia nichague mahali, nikawaacha wakidhani nimewadharau. Mama amenililia akiniuliza nimelishwa nini. Nampenda mama yangu, na ninaumia kuona anavyonitazama, lakini swali la watu wakutane wapi siwezi kumjibu hata yeye, kwa sababu sina hakika tena anayeuliza ni nani. Mara mbili swali hilo limenijia likitokea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mara ya pili ilikuwa wiki iliyopita, umeme ulipokatika na kompyuta yangu ya nyumbani ikazimika. Hiyo sijawahi kuiunganisha na redio ile. Ilipowaka niliita orodha ya huduma, na ya mwisho kabisa ilikuwa na jina langu, ambalo mimi sikuliweka. Ngazi zote imezimwa, isipokuwa ya kwanza.

Kwa hiyo nisikilize. Ukikipangia kitu kijianzishe chenyewe, iwe mashine, iwe sauti ya mtu wako aliyekufa unayoiweka kwenye simu ikuamshe asubuhi, kipangie na pa kusimama siku hiyo hiyo. Wafu wako watangaze, hata kama kila mtu anajua. Na akija mzee mlangoni kwako jioni, kofia mkononi, hataki kukaa, akakuuliza jina na baba yako, mjibu kwa heshima kama ulivyolelewa. Ila akikuuliza watu wakusanyike wapi, nyamaza. Mimi ninanyamaza mpaka sasa, na spika iliyo nyuma yangu hapa nimeshachomoa waya wake.